Kisu Kinapofika Kwenye Kona

Geita, 9 Februari 2025

Mjomba wangu Ngusa,

Shikamoo. Nimekaa kukuandikia kama nilivyokuwa nakuandikia nikiwa bweni, maana mkeo, Mama Ignas, ameniambia simu yako ilitumbukia kwenye ndoo ya oili na hutaki hata kuonyeshwa nyingine. Alinieleza huku anacheka, ila nadhani amechoka kuwa tarishi wako. Bahasha hii nampa konda wa basi la asubuhi, Mama Ignas aifuate stendi.

Huku tu wazima. Mama yuko Buseresere, vitenge vinauzika, goti ndilo linamsumbua. Anakulalamikia kwamba siku hizi humtafuti. Nikamweleza habari ya ndoo ya oili, akaguna tu.

Sasa langu. Ile kazi nimeipata, kwenye karakana ya kuchonga vyuma. Mashine yenyewe, Mjomba, ungeiona ungevua kofia. Haina gurudumu la kuzungusha kwa mkono. Unaiandikia kwenye kompyuta njia ambayo kisu kitapita, kisha unarudi nyuma, kisu kinazunguka na kula chuma chenyewe. Kazi yangu ni hiyo tu, kukichorea kisu njia.

Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Julai. Msimamizi wangu ni Chacha, mtu wa Tarime, mpole lakini hana maneno mengi. Amenipa kazi ya kunipima: nyumba za bearing, yaani makasha ya chuma ya kushikia bearing za makarasha, hizi mashine za kusagia mawe ya dhahabu. Kila moja natoboa shimo pana la pembe nne ndani ya pande la chuma. Moja inanilia asubuhi nzima. Chacha anataka mbili kabla ya chakula cha mchana, na kuta za ndani ziwe laini. Nikishindwa, kazi inapelekwa Mwanza na mimi naenda kumsaidia Mama kukunja vitenge.

Shida iko kwenye kona. Kisu kikienda moja kwa moja kinakata vizuri kabisa. Kikifika kwenye kona kinalia, ule mlio unaoujua, na ukuta unabaki na mawimbi. Nimefanya ulivyonifundisha, chuma kikilia punguza. Nimepunguza mpaka mashine inatambaa, na bado kinalia.

Tafadhali, nipigie kwa simu ya Mama Ignas nikusikilizishe. Masikio yako yatajua mara moja.

Ni mimi mpwa wako,
Scolastika

Kambarage, Shinyanga, 23 Februari 2025

Scola mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba mbili, moja ya kazi. Barua imefika ikiwa inanuka dagaa, mwambie konda wako aiweke mfuko wa shati.

Hapa tuko salama. Mama Ignas anaimba kwaya ya kina mama na kunigombeza, vyote kwa afya njema. Ignas bado yuko Dodoma. Mvua imekata ghafla na mahindi ya jirani yamesinyaa, sisi tunanunua tu unga kwa hiyo hatujui uchungu wake.

Mashine isiyo na gurudumu! Na mikono unaiweka wapi, mfukoni? Nilipokuwa jineri, kule kiwanda cha kuchambua pamba, tulikuwa na ile mashine ya kuchonga iliyotoka Ulaya kwa meli kabla hata mama yako hajazaliwa, ndiyo hiyo hiyo niliyoinunua walipofunga nikaileta hapa. Msimu wa pamba ukifika, magari yanajipanga kutoka getini mpaka barabarani, na meno ya mashine za kuchambulia yakivunjika ni sisi tunaoitwa. Meneja anasimama mlangoni anasubiri. Hakuna aliyekuwa anaongea kisu kikiwa kwenye chuma. Hata redio tulizima. Wewe ulikuwa mdogo, unakuja na michembe ya viazi kwenye kikopo, unasimama pale mlangoni unatafuna polepole ili meno yako yasinisumbue. Ninaikumbuka sana ile hali. Kuna siku natamani hata kelele za jineri.

Kuhusu simu, mambo ya kusikilizishana vyuma kwenye simu ni mchezo. Simu inabana sauti, inakupa mlio wa kuku. Wewe niandikie. Angalia umefunga chuma sawasawa kwenye vaisi? Kisu kimechomoza sana? Kifupishe. Na endelea kupunguza mwendo, usiwe na haraka za mjini.

Mama yako mwambie nipo. Nitamtafuta.

Mjomba wako,
Ngusa

Geita, 16 Machi 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka habari ya dagaa mpaka Donatus, huyu ninayefanya naye kazi, akataka nimsomee. Nilikuwa Buseresere mwisho wa wiki iliyopita. Mama anakusalimu, ingawa alitoa salamu kwa mdomo uliobetuka. Anasema mtu asiyetaka kuongea na dada yake aseme wazi. Mimi nimo katikati, nasukumwa na ninyi wote wawili. Mpigie basi, hata dakika moja.

Kisu nimekifupisha. Vaisi nimekaza mpaka Donatus akaniuliza kama nataka kuivunja. Imepungua kidogo kwenye njia iliyonyooka, kona bado zinapiga kelele. Na kwa mwendo huu wa kutambaa sasa nyumba moja inanichukua mpaka saa nane mchana. Chacha jana alikuja, akapitisha kidole kwenye ukuta wa ndani, akasema, "Dada, hapa naweza kukunia nazi." Kisha akaondoka zake. Ningefurahi zaidi angenifokea.

Unasema simu inabana sauti. Sawa, nimepata dawa. Nimerekodi kitu chote, nikakiweka kwenye memori kadi, iko humu ndani ya bahasha nimeibandika kwa selotepu. Mwambie Mama Ignas aitie kwenye simu yake, uiweke sikioni, utulie. Husikilizi simu, unasikiliza mashine. Niambie ni nini kinacholia: kisu, chuma, au mashine yenyewe. Nitafanya utakachosema neno kwa neno, maana sina mwingine wa kumuuliza.

Mpwa wako,
Scola

Kambarage, 30 Machi 2025

Scola,

Marahaba mama. Tumepokea kila kitu, na safari hii bahasha haina dagaa.

Huku joto. Mama Ignas yuko kwenye mazoezi ya Pasaka kila jioni, mimi nakula viporo.

Kadi yako nimeisikiliza. Nilijifungia karakanani peke yangu nisisumbuliwe, nikaiweka sikioni kama ulivyosema, nikarudia na kurudia. Hicho ni kisu butu, mpwa wangu. Hakuna kingine. Mlio ule nimeufahamu tangu jineri, mkali mwanzoni halafu unavuta. Makali yamekwisha upande mmoja, ndiyo maana kwenye kona, kisu kinapokumbatiwa na chuma pande mbili, kinashindwa. Weka kisu kipya na upunguze mwendo zaidi. Usimsikilize mtu mwingine.

Siku hizi karakana nafungua na kufunga mapema. Wateja si kama zamani. Vijana wanakuja, wanaongea haraka haraka huku wanatazama simu zao, mtu hujui anataka nini. Zamani mteja alikuwa anaweka chuma mezani, anakuonyesha kwa kidole palipovunjika, mnaelewana. Naikumbuka biashara ile.

Mjomba wako,
Ngusa

Geita, 4 Mei 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimeichelewesha barua hii makusudi, kwa sababu nilikuwa na hasira na sikutaka kukuandikia nikiwa na hasira.

Wote wazima.

Nilifanya ulichosema. Nilimwendea Chacha nikamwambia nataka kisu kipya, kile cha zamani ni butu. Akakitazama kwa lensi, akasema hakioni ubutu. Nikashikilia. Nikasema fundi wangu wa Shinyanga amesikiliza na amesema. Akanipa. Nikapunguza mwendo, nikafunga, nikabonyeza. Mjomba, kwenye kona ya pili kile kisu kipya kilipiga ukelele mmoja kikavunjika, kipande kikaruka kwenye kioo cha mlango wa mashine. Hakuna aliyeumia. Chacha alizima mashine, akasema tu kwamba mwisho wa Julai hauko mbali.

Nilijiuliza sana umekosea vipi. Wewe, ambaye ulikuwa unajua trekta la nani linapita barabarani bila kuchungulia dirishani.

Halafu wiki iliyopita Mama akanipigia. Akaniuliza, "Kaka yangu alisemaje kuhusu sauti yangu?" Nikamwuliza sauti gani. Akasema ile tuliyorekodi Buseresere, aliyokuwa anakusalimia kwa kuwa hupokei simu. Nikafungua simu yangu. Mlio wa mashine umo humo humo, haujaenda popote. Nilichonakili kwenye ile kadi ni sauti ya Mama. Kosa ni langu, nilibonyeza isiyo yenyewe. Lakini Mjomba, ulichoweka sikioni mule karakanani, ukarudia na kurudia, ni dada yako akikuamkia, akikuuliza kama amekukosea, kisha akicheka na kukukumbusha mlivyokuwa mnajificha kwenye marobota ya pamba. Ukaniandikia kwamba ni kisu butu.

Simwambii mtu. Mama nimemjibu kwamba ulifurahi. Ila wewe niambie, tangu lini?

Scola

Kambarage, 29 Juni 2025

Scola mpwa wangu,

Barua yako nimekaa nayo muda mrefu. Mama Ignas aliiona usoni mwangu kabla hajaisoma.

Ni mwaka wa pili sasa. Lilianza sikio la kushoto, nikasema ni nta. Nikaenda hospitali, wakanitazama, wakasema ni kelele za miaka mingi, vyuma vimeyala masikio, na hayarudi. La kulia likafuata mwaka jana wakati wa mavuno. Simu haikutumbukia kwenye oili. Iko kabatini. Mama Ignas ndiye aliyetunga habari ya ndoo, nilimwomba.

Ile kadi niliiweka sikioni, nikahisi kitu kinatetemeka kwenye mfupa. Kinapanda, kinashuka, kinakatika. Nikasema ndiyo, ni mashine, mtoto anasubiri jibu, nitamwambia nini? Nikakuandikia lile ninalowaambia wote. Ubutu wa kisu ndio jibu rahisi kuliko yote. Sikuweza kusema sijui, kwa kuwa ungeuliza kwa nini. Ulikuwa umeniandikia kwamba huna mwingine wa kumuuliza. Nililisoma hilo mara nyingi, nikalipenda mno.

Nisamehe kwa kile kisu. Na hofu yangu haikuwa kisu, ni hicho kipande kilichoruka. Kingevuka kile kioo ningejiua.

Karakana nimeifunga tangu Januari. Asubuhi naenda, nafungua mlango, nafuta vumbi, nakaa. Najua kila mashine ilivyokuwa inaunguruma. Nikifumba macho nazisikia moja moja, hata ile pampu ya maji ya jirani iliyokuwa inakohoa. Hiyo ndiyo redio yangu. Wakati mwingine nakumbuka mlio wa jineri wakati wa kuanza asubuhi, mikanda inavyoshika mmoja baada ya mwingine, na machozi yananitoka bila sababu. Najua unanielewa.

Mama yako usimwambie. Yeye ndiye mdogo wangu, mimi ndiye niliyekuwa namsikilizia kama mvua inakuja. Acha aniite mjeuri, nitavumilia.

Kuhusu kona zako sina la kukushauri. Kichwa changu hakiwezi kuisikia mashine ambayo sijawahi kusimama karibu nayo. Fuata akili yako.

Mjomba wako,
Ngusa

Geita, 20 Julai 2025

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo, na shikamoo nyingine kwa niaba ya mtu ambaye amelia kwenye choo cha karakana akiwa na barua yako mkononi. Sina cha kukusamehe. Kama kipo, kimekwisha.

Mama mzima. Sijamwambia. Anasema anaweza kuja Shinyanga Agosti kufuata mzigo, jiandae.

Sasa kaa nikueleze, maana hili ni lako pia. Siku nilipopata barua yako sikufanya kazi, nilikaa nikitazama ile njia ya kisu kwenye kompyuta. Nilikuwa nimeichora ya kwenda na kurudi, na kila mwisho kisu kinaingia mpaka ndani ya kona kisha kinageuka papo hapo. Nikamkumbuka marehemu Baba akilima kwa plau. Hakuwapeleka ng'ombe mpaka kwenye ncha ya shamba. Aliwazungusha mapema, kwa upana, halafu ile pembe akaimalizia kwa kuimega kidogo kidogo. Nikafuta njia yote nikaanza upya. Kisu sasa kinaingia kwa kuzunguka kama konokono, kinashuka kina chote mara moja lakini kinamega upande kidogo sana, na kwenye kona hakigeuki ghafla, kinapiga viduara vidogo vidogo mpaka pembe inakwisha. Hakuna mahali chuma kinakikumbatia.

Kilio kikapungua, hakikuisha. Hapo ndipo nikafanya kitu ambacho kingekufanya unifukuze karakanani kwako. Nilishapunguza mwendo mpaka mwisho, nikasema basi, niongeze. Donatus akasogea nyuma ya nguzo. Nikaongeza kasi ya kuzunguka kidogo, kikalia zaidi. Nikaongeza tena, kikapiga yowe, meza ya zana ikawa inacheza. Mkono wangu uko kwenye kitufe cha kuzima. Nikaongeza mara moja tena, na kile kilio kikakatika. Kilikatika kabisa, Mjomba. Chacha alitoka ofisini mbio akidhani mashine imezimika. Akakuta kisu kinakula chuma na vipande vinamwagika kama chenga za mchele.

Nimefikiri sana juu ya ile sheria yako. Haikuwa ya uongo. Mashine yako ya jineri haikuwa na mwendo wa kufika huko juu, ilikuwa inaishia kwenye kilio, kwa hiyo njia pekee ilikuwa kurudi chini. Mimi nilikuwa nasimama pale pale ulipoishia wewe, nikiogopa kwa niaba yako.

Nyumba mbili zinakwisha kabla ya chakula cha mchana, na muda unabaki. Chacha alipitisha kidole ukutani, akasema, "Nazi haikuniki." Jana ameniletea mkataba. Kazi ni yangu.

Ningependa ungeisikia. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na najua halikuudhi.

Mpwa wako,
Scola

Kambarage, 17 Agosti 2025

Scola, fundi,

Nimeisoma barua yako kwa sauti kubwa hapa uani, Mama Ignas ananiambia majirani wote sasa wanajua habari za kona. Sijui napaza kiasi gani siku hizi. Nimefurahi mpaka nimechinja jogoo. Kwa hiyo huko juu kuna utulivu! Miaka yote ile, na sikuwahi kufika. Nina wivu kidogo, uchukue kama ulivyo.

Mama yako alikuja wiki iliyopita. Alishuka na mzigo wake, na mfuko wa matobolwa ya viazi kwa ajili yangu. Amenenepa, kanga imempendeza. Tulikaa kwenye benchi la karakana tangu asubuhi mpaka jua likageuka. Aliongea sana, unamjua. Mimi nilikuwa namtazama mdomo. Akicheka nacheka, akitikisa kichwa natikisa. Nadhani nilifanya vizuri. Nilisahau mara moja tu, Mama Ignas aliniita kwa nyuma nikakaa kimya, lakini nikajifanya nina mawazo.

Kuna jambo moja linanisumbua. Kabla hajaondoka alinishika mkono, akanitazama sana, akaniuliza kitu. Sikukidaka. Akarudia polepole. Akarudia tena. Nikaona nikikaa kimya ataudhika, nikaitikia kwa kichwa, ndiyo. Akanikumbatia, akalia, akapanda basi.

Sasa sijui nimekubali nini. Pengine nimeahidi ng'ombe, au nimekubali kuhamia Buseresere. Mama Ignas alikuwa jikoni, hakusikia. Tafadhali muulize kwa ujanja, asijue kama sikuelewa, kisha uniandikie haraka.

Wabeja sana, asante mama.

Ngusa

Geita, 21 Agosti 2025

Mjomba,

Shikamoo. Nimempa konda barua hii mkononi, nimemwambia asiiweke na dagaa wala na kitu chochote.

Nimemuuliza Mama. Sikuhitaji ujanja, alikuwa ananisubiri nimpigie.

Hukuahidi ng'ombe. Mama anasema alikuuliza, "Kaka, masikio yamekwenda?" Alikuuliza mara tatu, na mara ya tatu ukamjibu ndiyo.

Atakuja tena mwisho wa mwezi. Amenunua daftari na kalamu.

Scola